Chatini ya Krismasi: Historia ya Neno na Kitoweleo katika Bahari ya Hindi

I. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Uingereza, ufikapo mwezi wa Septemba au Oktoba, hutolewa sufuria kubwa, yakakatwakatwa matufaha yaliyoangushwa na upepo pamoja na nyanya ambazo jua la kaskazini limeshindwa kuziivisha. Hutiwa humo vitunguu, zabibu, tangawizi, sukari na siki, vikapikwa kwa moto wa polepole hata mwiko ukipitishwa katikati ya sufuria uache njia isiyojifunga upesi. Rojo hilo hutiwa chupani lingali moto, likafunikwa na kuwekwa kabatini kwa majuma sita au zaidi, ili ukali wa siki upungue na ladha zioane. Chupa hufunguliwa Krismasi, na kilichomo huliwa pamoja na jibini na nyama baridi iliyosalia baada ya karamu. Waingereza wengi hukihesabu kitoweleo hiki kuwa ni chao, tena cha nyumbani hasa, kilichorithiwa na mama kutoka kwa bibi.

Hata hivyo jina lake si la Kiingereza. Ni neno la Kihindi, *chatni*, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kulamba. Neno hilo hilo limo katika Kiswahili kwa umbo la *chatini*, au *chatne* katika vinywa vya baadhi ya watu wa pwani, na kitu chenyewe kimo katika sahani za Mombasa, Lamu na Unguja. Kwa hiyo mwanafunzi aonapo chupa ya chatini dukani Nairobi, imeandikwa Kiingereza na kuzungushiwa utepe wa Krismasi, akaamini kuwa ni kitu cha Kizungu ambacho Waswahili wamekiiga, huwa ameipindua historia. Mwenzake asemaye kuwa ni kitu cha Wahindi kilicholetwa na reli, basi, naye amekwenda nusu ya njia tu.

Makala haya yanakusudiwa kuifuata safari ya neno hili na ya jamaa zake wawili, *achari* na *kachumbari*. Jambo lenyewe ni dogo kwa sura, lakini limeshikamana na hoja iliyowashughulisha wataalamu wa Kiswahili kwa miaka mingi: je, wingi wa maneno ya kukopa ni ushahidi kuwa wenye lugha walikuwa wapokeaji tu katika historia yao wenyewe? Maneno ya dini, ya biashara na ya utawala yamekwisha kupimwa kwa mizani hiyo mara nyingi. Maneno ya jikoni hayajatazamwa kwa kiasi hicho, ingawa jiko ndipo lugha inapotumiwa kila siku na watu wasioandika vitabu.

II. Maneno Matatu na Mipaka Yake

Yafaa kwanza kupambanua maneno yenyewe, kwani Kiswahili hakikuyapokea kama visawe. Kachumbari ni kitu kibichi: vitunguu, nyanya na pilipili vilivyokatwa vyembamba, vikatiwa chumvi na ndimu, na kuliwa siku ile ile. Chatini ni kitu kilichosagwa au kupondwa, na pengine kupikwa: chatini ya nazi, ya ukwaju, ya embe bichi au ya kotimiri. Hukaa siku chache, isipokuwa ile iliyopikwa kwa siki na sukari. Achari ni kitu cha kuwekwa: embe, ndimu au pilipili iliyotiwa chumvi, ikaanikwa juani, kisha ikahifadhiwa katika siki au mafuta kwa miezi. Huko Mombasa neno hili limepanuka hata likachukua pia vipande vya embe vilivyokaushwa, vikatiwa sukari, pilipili na rangi nyekundu, ambavyo watoto hununua njiani.

Mpangilio huu wa sehemu tatu, yaani kibichi, kilichosagwa na kilichowekwa, ni mpango wa wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Maneno yametoka nje, lakini mipaka baina yake imechorwa hapa, na vitenzi vinavyoyahudumia ni vya Kibantu: *kukata*, *kuponda*, *kusaga*, *kupika*, *kuanika*, *kuonja*. Hata *kulamba*, kitendo kilichoipa chatini jina lake huko Bara Hindi, kina kitenzi chake cha Kibantu ambacho kila mtoto wa pwani anakijua.

Asili za maneno haya nazo si moja. *Achari* ni neno la Kiajemi, *achar*, lililoenea mbali sana. Limo katika Kihindi na Kiurdu, limo katika Kimalei kwa umbo la *acar*, na Wareno walilichukua wakalifanya lao. Mganga wa Kireno Garcia de Orta, katika kitabu chake kilichopigwa chapa Goa mwaka 1563, anaeleza tunda lililowekwa katika chumvi lingali bichi, na anasema kuwa huitwa *achar* na kuuzwa sokoni kama zeituni zinavyouzwa Ureno. Yule na Burnell, katika kamusi yao kubwa ya maneno ya Kiingereza cha Bara Hindi iliyotoka mwaka 1886, wanaliorodhesha neno hilo pamoja na *chatni*.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa. Wengi wa Wahindi waliokaa Unguja na Mombasa katika karne ya 19 walitoka Kachi na Gujarati, na neno la kawaida la Kigujarati kwa kitu hiki si *achar*, bali ni *athanu*. Lau Waswahili wangalijifunza kuweka embe kutoka katika majiko ya majirani hao, ingalitazamiwa kuwa neno la Kigujarati ndilo lingaliingia. Halikuingia. Kiswahili kina *achari*, neno la Kiajemi, lililokuwa likipita bandari zote za Bahari ya Hindi pamoja na mabaharia na wafanyabiashara. Yaelekea basi kuwa *achari* ni la tabaka la zamani zaidi, na kwamba *chatini* na *kachumbari* yamefuata baadaye kwa njia ya ujirani wa mjini.

III. Ushahidi wa Mwaka 1331

Kwamba kitu chenyewe ni cha zamani, pana shahidi mwema. Mnamo mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, aliteremka Mogadishu, kisha akafika Mombasa na Kilwa. Katika maelezo yake ya karamu ya Mogadishu anataja wali uliopikwa kwa samli na kupambwa kwa kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na malimau ya kuwekwa, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Kuhusu maembe anaeleza kuwa yakiiva huwa matamu nayo huliwa kama matunda, lakini yakiwa mabichi huwa makali kama limau, na watu huyaweka katika siki. Desturi kama hiyo aliikuta tena Bara Hindi alipofika huko, akaisimulia kwa maneno yanayokaribiana na hayo.

Ushahidi huu una uzito kwa sababu tatu. Kwanza, ulitangulia kufika kwa Wareno katika mwambao huu mwaka 1498 kwa zaidi ya karne moja na nusu, na ulitangulia reli kwa zaidi ya karne tano. Pili, unaonyesha kuwa kitoweleo cha embe bichi hakikuwa kitu cha kubahatisha, bali kilikuwa na mahali pake maalumu katika mpango wa chakula, kando ya wali, kama kilivyo hata leo. Tatu, unatahadharisha juu ya maneno. Pilipili aliyoiona Ibn Battuta haikuwa pilipili hoho wala pilipili kali ya leo, kwa kuwa mimea hiyo ni ya Amerika, na haikujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Ilikuwa ni ile pilipili ya zamani ya Bara Hindi, na jina lake, lenye asili ya Kisanskriti, ndilo lililohamishwa baadaye likapewa tunda geni. Jina lilibaki na kitu kikabadilika. Nyanya nayo ni tunda la Amerika, na hata sasa haijapata jina moja katika Kiswahili chote: Unguja huitwa *tungule*.

Kanuni hiyo, kwamba jina huweza kubaki hali kitu kinabadilika, ndiyo itakayofaa kuelezea mambo yaliyotokea Uingereza.

IV. Embe Lisilo Embe

Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Bara Hindi ilipewa hati yake mwaka 1600. Katika karne iliyofuata, waajiriwa wake walirudi kwao wakiwa na hamu ya vyakula vikali, na mitungi ya maembe ya kuwekwa ikaanza kufika London. Embe bichi halingeweza kustahimili safari ile ndefu, kwa hiyo Mwingereza wa kawaida alilijua embe kwa sura moja tu, yaani likiwa achari. Matokeo yake katika lugha ni ya ajabu. Neno *mango* likawa kwa Kiingereza ni jina la namna ya kuweka kitu katika siki. John Evelyn, katika kitabu chake *Acetaria* cha mwaka 1699, anatoa maelekezo ya kutengeneza “mango” ya matango. Wapishi waliofuata walifanya vivyo hivyo kwa matikiti na matunda mengine ya kwao.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika kitabu cha Isabella Beeton cha mwaka 1861, ambacho kilikuwa mwongozo wa nyumba nyingi za tabaka la kati. Humo pana maelekezo ya kile anachokiita chatini ya maembe ya Kibengali, ambayo kwa maelezo yake yalitolewa na mwenyeji wa Bara Hindi kwa bibi mmoja wa Kiingereza. Vitu vilivyotajwa ni sukari, chumvi, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili kavu, haradali, zabibu na siki. Maembe hayamo. Badala yake yametajwa matufaha 30 makubwa, mabichi na makali. Mpishi wa Kiingereza alilihifadhi jina, akazihifadhi viungo, na akaliondoa tunda lenyewe.

Hapo ndipo chatini ya Krismasi ilipozaliwa kwa umbo lake la Kiingereza. Katika asili yake, chatini husagwa na kuliwa ikiwa mpya. Uingereza ilikutana na desturi ya wakulima ya kuhifadhi mavuno kabla ya baridi, ikapewa sukari na siki kwa wingi, nayo ikawa kitu cha kukaa. Asidi ya siki huzuia vijidudu visizaliane. Sukari na chumvi hushika maji ambayo vijidudu hivyo vingeyatumia. Na moto hupunguza maji yaliyobaki. Kwa hiyo kitu kilichokuwa ndugu wa kachumbari kiligeuka kuwa ndugu wa achari. Kalenda ikakamilisha kazi: matunda ya Septemba yawekwe hadi Desemba, na sikukuu kubwa ya Desemba ni Krismasi.

Kiswahili nacho hakikosi mfano unaolingana na huu. Neno *tofaa*, lenye asili ya Kiarabu, huko litokako ni jina la lile tunda la nchi za baridi. Watu wa pwani, ambao tunda hilo halikuota kwao, walilipa jina hilo tunda jingine jekundu, lenye maji mengi, linaloota Unguja na Mombasa. Tunda la Ulaya lilipofika baadaye likatengewa umbo *tufaha*. Zaidi ya hayo, katika pwani ya Kenya huoteshwa aina ya embe la mviringo ambalo wakulima na wachuuzi huliita kwa jina la Kiingereza la tufaha. Waingereza waliliita tufaha embe. Wakenya wakaliita embe tufaha. Wala hakuna anayedai kwamba Waingereza, kwa sababu hiyo, hawana upishi wao wenyewe. Hukumu hiyo hutolewa kwa Waswahili peke yao.

V. Pwani kabla ya Reli na Baada Yake

Yasemwa mara nyingi kuwa vyakula vya Kihindi viliingia Afrika ya Mashariki pamoja na reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Reli ilieneza mambo mengi bara, hapana shaka. Lakini wengi wa vibarua wale walirudi kwao baada ya mikataba yao kwisha, na zaidi ya hayo walitoka hasa Punjabi. Wafanyabiashara wa Kachi na Gujarati walikuwa wamekwisha kujenga maduka Unguja tangu enzi ya Sayyid Said, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na meli za misimu zilikuwa zikienda na kurudi karne nyingi kabla ya hapo.

Wapo pia watu ambao historia ya chakula imewasahau. Katika miaka ya 1860 na 1870, Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kulelewa katika kituo cha misheni huko Nasik, karibu na Bombay, waliletwa Mombasa. Wengine walikaa Rabai, wengine Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliopewa uhuru. Walikuwa Waafrika, walikuwa Wakristo, na walikuwa wamekulia Bara Hindi. Kwa hiyo Krismasi na maarifa ya Bara Hindi vilikwisha kukutana katika maisha ya Waafrika wa Mombasa miaka 20 kabla ya chuma cha kwanza cha reli kulazwa. Jambo hili linatosha kuonyesha kwamba njia za utamaduni hazikuwa mbili tu, ya Mzungu na ya Mhindi, huku Mwafrika akiwa amekaa katikati akingoja kupewa.

Wagoa nao wana nafasi yao. Goa ilikuwa chini ya Wareno tangu mwaka 1510 hadi 1961, na Wagoa Wakatoliki waliofika Unguja, Mombasa na Nairobi wakiwa makarani, washonaji na wapishi, walikuwa na Krismasi na achari katika desturi moja. Hawakuhitaji Mwingereza kuwaunganishia viwili hivyo.

VI. Umbo la Neno

Umbo la *chatini* nalo lina ushahidi wake. Neno la asili lina konsonanti mbili zilizofuatana, *t* na *n*, na Kiswahili hupenda silabi wazi. Baadhi ya wasemaji wameingiza irabu kati yake, wakapata *chatini*, na mkazo ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho, kama inavyotakiwa. Wengine wameziacha konsonanti zikae pamoja, wakasema *chatne*. Umbo la kwanza ni la neno lililokwisha kufanyiwa kazi na vinywa vya watu. Si umbo la neno lililosomwa juu ya chupa.

Mwisho wake wa *-ni* ungeweza kumdanganya mgeni akadhani ni kiambishi cha mahali, kama katika *nyumbani* au *sokoni*. Wenye lugha hawadanganyiki. Husema *chatini imekwisha*, *chatini hii kali*, kwa upatanisho wa ngeli ya *i-/zi-*; hakuna asemaye *chatini humu*. Sarufi imelipokea neno na kulipa kiti chake, na tangu hapo limekuwa la Kiswahili kwa haki ile ile ambayo *meza*, *kitabu* na *embe* ni ya Kiswahili. *Embe* lenyewe lina asili ya Bara Hindi, na hapana Mswahili anayeona haya kulitamka.

VII. Kalenda ya Kusi na Kaskazi

Tofauti kubwa kati ya chatini ya Krismasi ya Kiingereza na ile inayotengenezwa Kenya ni ya majira. Mwingereza huweka chatini kwa sababu bustani yake inakufa. Katika pwani ya Kenya, mavuno makubwa ya maembe huwa kati ya Novemba na Machi, wakati wa kaskazi. Krismasi huja miembe ikiwa imejaa. Embe bichi la kuponda huchumwa kwa ajili ya sikukuu hiyo hiyo, na chatini haina haja ya kungoja majuma sita. Katika familia za Kikristo za pwani na za miji ya bara huwekwa kando ya pilau, chapati na nyama ya kuchoma, pamoja na kachumbari. Desturi ya kupelekeana sahani siku za sikukuu huifikisha pia kwa jirani Mwislamu, ambaye mkono wake ndio pengine uliomfunza mpishi kiasi cha ndimu, na ambaye kwake chatini ni ya futari na ya arusi.

Kwa hiyo katika meza hii moja zimekutana kalenda mbili na dini mbili, na kitoweleo hakikubadilika jina.

VIII. Kurudi kwa Chatini

Safari haikuishia hapo. Miaka iliyofuata uhuru iliwaona Waasia wengi wakiihama Afrika ya Mashariki. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwafanya maelfu waondoke kwenda Uingereza, na Uingereza ikajibu kwa kuwafungia mlango kwa sheria yake ya mwaka 1968. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mali zao zilibaki. Maarifa ya mikono yao hayakuweza kutaifishwa, na miji kama Leicester ikapata majiko ambayo wapishi wake walikuwa wakiliita embe embe, wakachanganya Kigujarati chao na maneno ya Kiswahili.

Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, Laxmishanker Pathak alikuwa amehama Kenya na kuanzisha Uingereza biashara iliyokuja kujulikana kama Patak's, ambayo chatini na achari zake zimejaa katika maduka ya nchi hiyo. Ndivyo ilivyotokea kwamba Mwingereza anunuaye chatini ya embe kwa ajili ya nyama yake ya Krismasi huweza kununua kitu kilichopitia Kenya, akaamini kimetoka Bara Hindi moja kwa moja.

Kwa upande wa huku, hasara ilikuwa ya lugha pia. Palipofungwa duka la Mhindi katika mji mdogo wa bara, lilifungwa pia jiko ambalo Kiswahili cha viungo kilisemwa na watu wa asili mbalimbali: mwenye nyumba, mpishi, yaya na mchuuzi wa mlangoni. Wapishi na mayaya hao ndio waliobaki na maarifa, nao hawakuulizwa.

IX. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuweka embe bichi kulikuwa desturi ya mwambao huu mwaka 1331. Kwamba *achari* haliwezi kuelezwa kuwa ni zawadi ya majirani wa Kigujarati. Kwamba *chatini* limefanyiwa kazi na sauti na sarufi ya Kiswahili. Na kwamba chatini ya Krismasi ya Kiingereza ni mgeuko wa baadaye, uliohifadhi jina na kubadili tunda. Kukopa neno si dalili ya kutokuwa na kitu. Mara nyingi ni dalili ya kukaa mahali ambapo watu wengi hupita, na kuwa na busara ya kuchagua.

Linalobaki ni wajibu. Wanafunzi wa Kiswahili hutumwa kwa washairi na kwa masheikh kukusanya msamiati, na wafanya vyema. Yafaa watumwe pia jikoni, kwa wanawake wazee wa Mombasa, Lamu, Rabai na Freretown, wakaulize ni lipi hasa la kuponda na lipi la kusaga, embe gani hufaa kwa achari na gani kwa chatini, na huanikwa siku ngapi. Wenye kuyajua hayo hawaongezeki. Chupa za dukani, ambazo zimeandikwa lugha nyingine, zinaongezeka kila Krismasi.